Kura ikikaribia, fungua daftari kabla ya kufungua simu

Ninauza leso katika mtaa wa Biashara, Mombasa, na tangu 2011 mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha akina mama tisa. Chama kina hisa katika Soko la Hisa la Nairobi. Si nyingi, lakini zimetoka jashoni: yumo anayekaanga mahamri tangu alfajiri, yumo mwalimu, yumo mkunga. Kila kura kubwa inapokaribia, iwe yetu au ya Marekani, Uingereza au India, swali ni lile lile: "Dada, tuuze au tushikilie?"

Nimejifunza kwamba ukingoja siku ya kura ndipo ulitafutie jibu, umechelewa. Huandaliwa miezi kabla, kwa kalamu na daftari. Hapa nitaeleza namna ninavyoliandaa, na makosa niliyolipia kwa pesa taslimu.

Usiku wa daku

Juni 23, 2016, Waingereza walipiga kura kuamua kama nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke. Ilikuwa Ramadhani. Mdogo wangu anaishi Leicester, anafanya kazi ghalani, na akiba yake ya uzeeni imo katika mfuko wa hisa. Vituo vya kura vilipofungwa saa nne usiku kwao, kwetu ilikuwa saa sita. Pauni moja ilikuwa ikinunua dola 1.50, na wenye pesa walikuwa wameshajiaminisha kwamba wa kubaki wameshinda.

Saa nane na dakika ishirini hivi, kwa saa zetu, yakatangazwa matokeo ya Sunderland: waliotaka kutoka, asilimia 61. Ni mji mmoja tu, na ilijulikana kwamba ungeelekea huko, ila hakuna aliyetarajia pengo kubwa kiasi kile. Pauni ikaanza kuporomoka hapo hapo. Nilipoamka saa kumi kutenga daku, nilikuta jumbe tano za mdogo wangu kwenye simu. Kulipokucha pauni ilikuwa imegusa dola 1.32, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1985. Saa nne asubuhi soko la London likafunguliwa, naye akapiga simu: "Dada, niuze?"

Nikamuuliza, pesa hizo unazihitaji lini? Akasema akistaafu, zaidi ya miaka ishirini ijayo. Nikamwambia basi funga simu, nenda kazini.

Siku hiyo fahirisi ya Nikkei ya Tokyo, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni nyingi kwa pamoja, ilishuka asilimia 7.9. S&P 500 ya Marekani ilishuka asilimia 3.6. London kwenyewe, palipowaka moto, fahirisi ya FTSE 100 ilifunga siku ikiwa chini kwa asilimia 3.15 tu, na kufikia Juni 29 ilikuwa imepanda kupita pale ilipokuwa kabla ya kura. Lakini FTSE 250, inayobeba kampuni za ukubwa wa kati, ilianguka asilimia 7.2 Ijumaa ile, ikaanguka tena asilimia 7 Jumatatu, na ikahitaji wiki kadhaa kurudi.

Nchi ni moja na kura ni moja, ila fahirisi mbili zimekwenda njia mbili. Sababu yake ndiyo somo kubwa nililolipata mwaka ule. Kampuni kubwa za FTSE 100 huchimba mafuta na madini na kuuza dawa dunia nzima, na sehemu kubwa ya mapato yao ni dola. Pauni ikianguka, dola zile zile zikibadilishwa huwa pauni nyingi zaidi. Kampuni za FTSE 250 nyingi hujenga nyumba na kuuza bidhaa ndani ya Uingereza, zinalipwa pauni, na wateja wao ndio hao walioingiwa na hofu. Kwa hiyo ukiambiwa "soko limeanguka", uliza kwanza: kampuni ninayoimiliki inalipwa kwa sarafu gani, na mteja wake yuko wapi?

Mdogo wangu hakuuza. Hasara yake ilikuja kwa mlango mwingine kabisa. Alikuwa amepanga kutuma pauni 2,000 mwisho wa mwezi kwa paa la nyumba ya mama. Jana yake pauni ilikuwa karibu shilingi 150, leo ilikuwa chini ya 140. Zaidi ya shilingi 20,000 za mabati zilipotea usiku mmoja, na hazikuwa kwenye hisa hata kidogo. Tangu hapo huwaambia ndugu wote walio ng'ambo: kama una pesa ya kutuma nyumbani na nchi unayoishi inapiga kura kubwa, tuma angalau nusu kabla.

Ukurasa wa kwanza: watu wanatarajia nini?

Wengi huanza kwa kuuliza nani atashinda. Swali hilo halina faida kwetu. Bei ya leo tayari imebeba matumaini ya leo. Kinacholitikisa soko ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Hata aliyetarajiwa akishinda, akishinda kwa namna isiyotarajiwa, soko litayumba.

Mfano wa wazi kuliko yote naujua kutoka India. Mwaka 2024 kura zilipigwa kwa awamu kuanzia Aprili 19 hadi Juni 1. Jioni ya siku ya mwisho, utafiti wa waliotoka vituoni ukasema chama cha Narendra Modi kitapata wingi mkubwa sana. Jumatatu Juni 3 fahirisi ya Sensex ikapaa zaidi ya asilimia 3. Jumanne Juni 4 kura zikahesabiwa: chama chake kimepata viti 240, wakati wingi wa bunge ni 272. Sensex ikaanguka karibu asilimia 6 siku hiyo moja. Na Modi aliendelea kuwa waziri mkuu, kwa kuungana na washirika. Mshindi ni yule yule waliyemshangilia Jumatatu.

Kuna jozi nyingine ya India ninayoipenda zaidi. Mei 2004 muungano wa chama cha Congress ulishinda pasipo kutarajiwa, na Mei 17 Sensex ikaanguka zaidi ya asilimia 11, biashara ikasimamishwa mara mbili. Mei 2009 Congress wakashinda tena, na Mei 18 Sensex ikapanda asilimia 17 hadi biashara ikasimamishwa kwa sababu ya kupanda. Chama ni kile kile, waziri mkuu ni Manmohan Singh mara zote mbili. Mwaka 2004 serikali ingetegemea kura za vyama vya mrengo wa kushoto, na wenye hisa wakahofia. Mwaka 2009 haikuwahitaji tena.

Kwa hiyo ukurasa wangu wa kwanza una mistari mitatu tu. Wa kwanza: wengi wanatarajia nini. Wa pili: jambo gani lingewashtua. Wa tatu: likitokea, ni hisa ipi kati ya zetu itakayoumia, na kwa nini. Utafiti wa kura za maoni nauandika kwenye mstari wa kwanza, kama habari ya kile watu wanachoamini. Sijawahi kuutumia kama habari ya kile kitakachotokea.

Na uandike bunge pia, usiandike rais peke yake. Juni 2, 2024, Mexico ilimchagua Claudia Sheinbaum, ushindi uliotarajiwa na kila mtu. Kesho yake soko lao likaanguka karibu asilimia 6 na peso ikaanguka nalo. Kilichowashtua kilikuwa bungeni: chama chake na washirika walipata wingi uliowaweka karibu kabisa na uwezo wa kubadili katiba. Afrika Kusini wiki ile ile ilikuwa kinyume chake, chama tawala cha ANC kilishuka hadi asilimia 40 ya kura, na watu wakawa wanaitazama randi kwa swali moja tu, kitaungana na nani.

Ukurasa wa pili: hesabu siku za wasiwasi

Hapa ndipo mimi nilipoungua, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa kidogo.

Agosti 8, 2017, Kenya ilipiga kura. Agosti 11 matokeo yakatangazwa. Duka langu lilikuwa halijauza leso ya maana kwa wiki tatu, maana watu wakiwa na wasiwasi hununua unga na sukari, nguo husubiri. Matokeo yalipotoka, wateja wakarudi, bei za hisa zikapanda, na mimi nikafunga daftari. Nilidhani yamekwisha.

Septemba 1 ilikuwa Ijumaa, na nyumbani kwetu ilikuwa Idi ya kuchinja. Tumerudi kutoka msikitini, nyama iko jikoni, redio inasema. Karibu na saa tano Mahakama ya Juu ikatangaza kuwa imefuta matokeo ya urais, majaji wanne dhidi ya wawili. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea Afrika. Ndani ya muda mfupi bei za hisa zikaporomoka, na Soko la Hisa la Nairobi likasimamisha biashara kwa takriban nusu saa. Mimi nikapiga simu kwa dalali, mikono inanuka vitunguu, nikamwambia auze hisa 4,000 za chama, "kwa bei yoyote utakayoipata". Soko lilipofunguliwa tena, akauza kwa bei yoyote aliyoipata. Kabla ya mwaka kwisha, hisa zile zilikuwa zimerudi juu na kupita bei ya kabla ya hukumu. Nilisimama mbele ya akina mama wenzangu nikawaeleza nilichofanya, na nikalipa sehemu ya hasara kutoka dukani. Hawakunidai. Nililipa kwa sababu sikuwauliza.

Kosa langu halikuwa kuuza tu. Kosa lilianza Agosti 11, nilipofunga daftari. Katiba ilikuwa imeniandikia kalenda nzima nami sikuisoma. Kenya, tume ya uchaguzi ina siku 7 baada ya kura kutangaza mshindi wa urais. Anayepinga ana siku 7 baada ya tangazo kwenda mahakamani. Mahakama ya Juu ina siku 14 kuamua. Ikifuta, kura inarudiwa ndani ya siku 60. Ukijumlisha, siku za wasiwasi zinaweza kufika 28 hata pasipo kurudiwa kura. Mwaka 2022 ulikwenda vivyo hivyo: kura Agosti 9, tangazo Agosti 15, hukumu Septemba 5. Safari ile nilikuwa nimezizungushia kalamu nyekundu zote tatu, na hatukuuza hata hisa moja kwa pupa.

Kila nchi ina kalenda yake. Uingereza vituo vikifungwa saa nne usiku, asubuhi mambo yanajulikana. India hupiga kura kwa wiki sita, kisha huhesabu siku moja, na siku hiyo moja ndiyo ya kuandika. Marekani kwa kawaida hujulikana usiku ule ule au siku chache baadaye; baada ya kura ya Novemba 5, 2024, S&P 500 ilipanda asilimia 2.5 kesho yake, sababu moja ikiwa kwamba jibu lilikuwa limepatikana mapema na wazi. Lakini mwaka 2000, Bush na Gore, ilibidi kungoja Mahakama ya Juu hadi Desemba 12, zaidi ya mwezi mzima.

Na kuna tarehe ambazo wengi hawazioni kabisa. Argentina mwaka 2019 macho yote yalikuwa kwenye uchaguzi wa Oktoba. Agosti 11 ilikuwa kura ya mchujo, ambayo haimpi mtu cheo chochote. Rais aliyekuwa madarakani akapitwa kwa pengo ambalo halikutarajiwa, na kesho yake fahirisi ya Merval ikaanguka asilimia 38. Ukihesabu kwa dola, ilikuwa karibu nusu. Kwa siku moja. Kwa kura ya mchujo.

Pima mawimbi kwa kalamu

Marekani wana kipimo kiitwacho VIX. Kinatokana na bei za mikataba ambayo wenye hisa huinunua kama kinga, na kinaeleza jinsi watu wanavyotarajia S&P 500 iyumbe katika siku 30 zijazo. Watu wakiogopa, kinga hupanda bei, na VIX hupanda nayo. Mimi mikataba yenyewe siinunui, dini yangu hainiruhusu kubahatisha, lakini kipimo hakina kosa lolote na ni cha bure kukitazama.

Namna ya kukisoma: gawa VIX kwa 16. Jibu ni takriban asilimia ambayo soko linatarajiwa kupanda au kushuka kwa siku ya kawaida. VIX ikiwa 16, tarajia asilimia 1 kwa siku. Siku ile ya Juni 24, 2016 ilifunga karibu 26, yaani zaidi kidogo ya asilimia 1.6 kwa siku. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, ilifika 82, yaani asilimia 5 kila siku ya Mungu. Ukijua namba hiyo, siku soko likishuka asilimia 1.5 wakati VIX ni 26, huna haja ya kushtuka. Hilo ni wimbi la kawaida la bahari ya siku hiyo.

Kwa hisa zetu za Nairobi hakuna kipimo kama hicho ninachoweza kukifungua kwenye simu, kwa hiyo najitengenezea. Kila jioni, kwa siku 20 za biashara, naandika hisa imebadilika asilimia ngapi, bila kujali kupanda au kushuka. Tuseme 0.5, 1.2, 0, 0.8, na kuendelea. Najumlisha, nagawa kwa 20. Ikitoka 0.9, hilo ndilo wimbi lake la kawaida. Nafanya hivyo miezi mitatu kabla ya kura, kisha tena wiki mbili kabla. Namba ikipanda mara mbili, najua hofu imeshaingia kwenye bei, na kuuza wakati huo ni kuuza kwa bei ya hofu. Ikiwa bado ni ile ile ya kawaida wakati kura iko mlangoni, hapo ndipo ninapokuwa mwangalifu zaidi, maana watu wamelala na mshtuko ukija utawakuta wamelala.

Toa pesa yenye tarehe

Hatua hii ni fupi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Pitia pesa zote zilizo kwenye hisa na ujiulize, kuna shilingi hapa yenye tarehe? Karo, mahari, matibabu, safari ya Hija. Pesa yenye tarehe inayoangukia ndani ya siku za wasiwasi haifai kuwa kwenye hisa. Iuze miezi miwili kabla, soko likiwa tulivu. Iliyobaki, isiyo na tarehe, iache.

Kumbuka pia kwamba Nairobi ukiuza leo, pesa hukamilika siku ya tatu ya biashara. Siku ya kura huwa sikukuu na soko hufungwa. Ukiuza mkesha wa kura ukitegemea kulipa kitu kesho kutwa, utakwama.

Na si hisa pekee zinazokwama. Baada ya ile kura ya Uingereza, Julai 2016 mifuko kadhaa iliyowekeza katika majengo ilifunga mlango kwa muda, wenye pesa wasiweze kutoa, kwa sababu jengo haliuzwi kwa siku moja. Kabla ya kura, soma masharti ya mfuko wako yanasema nini kuhusu kutoa pesa.

Andika amri kabla hofu haijaamka

Usimwambie dalali "bei yoyote". Nimeshaeleza ilinipeleka wapi. Mpe bei ya chini kabisa unayoikubali, kwa maandishi, pamoja na tarehe ya mwisho ya amri hiyo. Hisa ikiwa chini ya bei hiyo haiuzwi, basi. Nairobi hisa moja hairuhusiwi kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, kwa hiyo hata siku mbaya ina sakafu yake. Marekani soko zima husimama S&P 500 ikishuka asilimia 7, kisha 13, na ikifika 20 hufungwa hadi kesho. Sheria hizo zimewekwa ili watu wapumue. Tumia muda huo kupumua. Mimi niliutumia kushika simu.

Soko letu ni jembamba. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya biashara ilikuwa ya wawekezaji wa nje, na thamani kubwa imekaa kwenye kampuni chache, Safaricom ikiwa ya mbele kabisa. Wageni wachache wakiamua kutoka asubuhi moja, bei huteremka hata kama kampuni yenyewe haijapoteza mteja hata mmoja. Na wakirudi, hurudi vile vile kwa haraka.

Chukua namba ya dalali ya simu ya kawaida, usitegemee programu ya simu pekee. Uganda, intaneti ilizimwa kuanzia mkesha wa kura ya Januari 14, 2021 na ikakaa siku kadhaa. Tanzania ilizimwa siku yenyewe ya kura, Oktoba 29, 2025. Amri iliyoandikwa na kutiwa saini kabla ya hapo haihitaji intaneti.

Katika chama chetu kuna sharti moja tuliloliongeza 2018: ndani ya siku za wasiwasi, hakuna hisa inayouzwa bila sahihi tatu, na hakuna sahihi inayotiwa siku ile ile ya habari. Lazima tulale kwanza.

Usiku wa Novemba 8, 2016 unaeleza kwa nini. Trump alipoanza kuonekana anashinda, mikataba inayouzwa usiku kucha kubashiri bei za S&P 500 ilishuka asilimia 5 hadi ikazuiwa kushuka zaidi. Kwetu ilikuwa asubuhi ya Jumatano, nafungua duka. Tokyo ikafunga ikiwa chini kwa asilimia 5.4. Soko la Marekani lenyewe lilipofunguliwa jioni yetu, likapanda, likafunga juu kwa asilimia 1.1. Alhamisi Tokyo ikapanda asilimia 6.7. Waliouza Tokyo Jumatano hawakukosea kuhusu nani ameshinda. Walikosea kuhusu maana ya ushindi huo, na hakuna mtu anayeweza kuisoma maana hiyo ndani ya saa sita.

Kura za bungeni nazo ziandike

Watu huandika chaguzi na kusahau kura za wabunge. Septemba 29, 2008, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikataa mpango wa dola bilioni 700 wa kuokoa mabenki, kura 228 dhidi ya 205. Wengi waliamini ungepita. Fahirisi ya Marekani ya Dow Jones ikaanguka pointi 777 siku hiyo, karibu asilimia 7. Oktoba 3 mpango ukarudishwa na kupita, 263 dhidi ya 171, na Dow ikashuka hata hivyo, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko dawa. Hapa kwetu, Juni 25, 2024, Muswada wa Fedha ulipita bungeni kwa kura 195 dhidi ya 106, na kesho yake rais akasema hatautia saini, baada ya vijana kufika hadi ndani ya Bunge. Aliyepanga biashara yake kwa matokeo ya kura ile alipanga kwa kitu kilichoishi siku moja. Kwenye daftari, kura ya bunge iandikie mstari wa pili chini yake: nani anaweza kuigeuza, na ana siku ngapi.

Kalenda yetu ya sasa

Nimeshafungua ukurasa wa uchaguzi wetu ujao. Katiba inasema Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na hiyo itakuwa Agosti 10, 2027. Nimezungushia Agosti 17, mwisho wa tangazo. Agosti 24, mwisho wa kwenda mahakamani. Septemba 7, mwisho wa hukumu. Muhula wa tatu wa shule huanza mwishoni mwa Agosti, katikati kabisa ya siku hizo, na akina mama wanne kati yetu wana watoto shuleni. Kwa hiyo karo yao itatoka kwenye hisa Juni, wakati bado hakuna anayekimbilia simu. Mwalimu ameshaniuliza kwa nini tusingoje Julai, labda bei itapanda kidogo. Nimemwonyesha ukurasa wa Septemba 1, 2017, na kile kiasi nilichokiandika pembeni kwa wino mwekundu. Ametia sahihi.